Nsambya, Hospitali Iliyoanzia Chini ya Mwembe



Hapa Kolwezi, ukimwuliza bibi mzee watoto wake alizalia wapi, mara nyingi atakujibu kwa jina la kampuni: "Kwa Union Minière," ama "Kwa Gécamines." Hospitali ilikuja pamoja na kazi ya bwana, sawa na nyumba ya cité, sawa na ile posho ya kila juma iliyoipa Jumamosi jina lake kwetu, siku ya posho. Bwana akiwa na namba ya kazi, mke na watoto walikuwa na munganga.

Wazee wetu wanaisifu hospitali ile, na wana haki. Maternite ilikuwa na kitanda, na mtoto alipimwa uzito tangu siku za kwanza. Lakini mlango wake ulifunguliwa na ufunguo mmoja tu, ndio kazi ya bwana. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikaanza kushuka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Bwana alipopoteza namba, mke alipoteza maternite. Mama aliyezaa watano bila kuulizwa franka alijikuta anazunguka kwa majirani kutafuta feza za kumzaa wa sita.

Na wengine hawakuupata ufunguo ule hata siku moja: mjane, mama mwuza mboga sokoni, mke wa mchimbaji wa mkono ambaye leo ana makuta na kesho hana. Hao ndio wengi katika kartiye zetu sasa. Ndiyo maana juma hili nataka kuwasimulia historia ya hospitali ya namna nyingine, hospitali ya Wakatoliki ambayo haikufuata kazi ya mtu. Ilifuata jirani. Iko Kampala, Uganda, katika kartiye ya Nsambya. Ilianzishwa na wanawake, na mpaka leo inafanya kazi.

Kilima cha Mwanga

Uganda si nchi ngeni kwetu. Parokia ngapi za Kongo zina jina la Charles Lwanga! Tarehe 3 Juni 1886 yeye na wenzake walichomwa moto pale Namugongo kwa amri ya mfalme wa Buganda, Kabaka Mwanga. Miaka 9 tu baadaye, mwaka 1895, Mwanga huyo huyo aliwapa wamisionari wa Mill Hill, waliofika kutoka Uingereza pamoja na Askofu Henry Hanlon, kilima kizima cha kujenga misioni. Kilima hicho ndicho Nsambya.

Wakati ule kilikuwa kando ya mji. Mji ukakua, ukakizunguka. Palijengwa nyumba za wafanyakazi wa reli, palijengwa kambi ya polisi, pakaja maduka, shule na nyumba za kupangisha. Mtu wa Kolwezi akifika pale angetambua mambo mengi: nyumba za kampuni upande mmoja, nyumba za watu waliojitafutia wenyewe upande mwingine. Tofauti ni kwamba hospitali ilitangulia, na haikuwa ya reli wala ya polisi.

Masista 6

Tarehe 15 Januari 1903 masista 6 Wafransisko walifika Nsambya kutoka konventi yao ya Mill Hill, London. Walishuka meli Mombasa, wakapanda reli mpya iliyokuwa imefika ziwa Victoria mwaka 1901, kisha wakavuka ziwa. Mmoja wao aliitwa Sista Mary Kevin. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, mtu wa Ireland, mwenye miaka 27. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, mama yake akafa alipokuwa na miaka 10, na bibi yake ndiye aliyemlea. Kabla ya kuingia utawa alikuwa anafundisha watoto masomoni. Hilo sisi walimu tunalisoma kwa furaha.

Hawakukuta hospitali. Walitandika dawa zao chini ya mwembe, na wagonjwa wakaketi kivulini kungoja zamu. Huo mwembe ndio mwanzo wa hospitali ya Nsambya.

Kazi haikukosekana. Palikuwa na malaria, ndui na vidonda vya miguu. Zaidi ya yote palikuwa na malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Katika miaka ya 1900 hadi 1920 malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za kando ya ziwa, na visiwa vizima vikabaki bila mtu. Masista walikuwa na dawa chache, na kwa malale hawakuwa na dawa ya hakika. Waliosha, walifunga vidonda, walilisha, na walipokea kila mtu bila kumwuliza dini yake.

Kisha ikaja vita ya 1914. Wazee wetu waliisikia kwa jina la Tabora, kwa sababu askari wa Kongo waliuteka mji huo mwaka 1916. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, wale wa kubeba mizigo kichwani, na wengi wao walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Upande wa Uganda, wapagazi wagonjwa na waliojeruhiwa waliletwa Nsambya. Vita ilipokwisha, mwaka 1918, serikali ya Uingereza ilimpa Mama Kevin nishani kwa ajili ya kuwatunza. Kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kulibadili jina lake wapate kulitamka vizuri. Walimwita Mama Kevina.

Sheria iliyozuia mikono

Hapa ningependa tusimame kidogo, maana jambo hili linatugusa sisi wanawake.

Wakati ule wanawake wengi walikufa katika uzazi, na watoto wengi hawakufika mwaka mmoja. Mtu angefikiri kwamba masista wangeanza na maternite. Lakini sheria za Kanisa za siku zile hazikuwaruhusu watawa kuzalisha. Sista aliweza kufunga kidonda cha mpagazi, aliweza kumwosha mwenye ukoma, lakini mama akishikwa na uchungu, sista alipaswa kukaa mbali. Ilionekana kwamba kazi hiyo haimfai mtu aliyeweka nadhiri ya usafi wa moyo.

Mama Kevina hakuvunja sheria, wala hakukaa kimya. Alifanya mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza, alitafuta watu ambao sheria haikuwafunga. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 ilifunguliwa pale Nsambya shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda uuguzi na ukunga. Hawakuwa wa kwanza. Ng'ambo ya bonde, pale Mengo, Waprotestanti walikuwa na hospitali yao tangu 1897, ya Daktari Albert Cook, na mke wake Katharine alianza kufundisha wakunga mwaka 1918. Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walikuwa wamepigana kwa bunduki mwaka 1892. Miaka 30 haijapita, wanashindana kufundisha wakunga! Ushindani kama huo mama mwenye mimba hawezi kuukataa.

La pili, aliendelea kuomba Roma ibadili sheria. Hakuwa peke yake. Daktari mmoja wa Austria, Anna Dengel, alikuwa ameona mambo hayo hayo katika mji wa Rawalpindi, ambao leo uko Pakistan. Wanawake wa kule, kwa desturi yao, hawakukubali kuguswa na daktari mwanaume, na walikufa nyumbani. Mwaka 1925 Dengel alianzisha shirika lake la wanawake waganga huko Marekani, naye pia akawa anaomba. Mwezi wa Februari 1936 Roma ilitoa jibu: masista wa misioni waruhusiwe kujifunza uganga wote pamoja na uzazi, tena wahimizwe kufanya hivyo. Tangu mwembe hadi jibu hilo ilipita miaka 33.

Tukiwaona leo masista wakunga katika maternite za Kanisa, tunadhani imekuwa hivyo siku zote. Sivyo. Kuna wanawake walioomba miaka na miaka mpaka wakasikiwa.

Wasichana wa pale pale

Tujiulize sasa: ni nini kiliifanya Nsambya idumu, wakati hospitali nyingi za wakati ule zilifungwa ama zilibadilika mikono? Mtu atasema ni feza za Ulaya. Feza zilisaidia. Lakini mimi ninaona ni ile shule ya 1921. Msichana aliyefundishwa pale alikuwa binti wa mtu wa karibu. Alijua lugha ya mgonjwa, alijua mama mkwe anaficha nini, alijua dawa gani ya mizizi imekwisha kunywewa kabla ya kufika hospitali. Mzungu akienda likizo, yeye hakwenda.

Mwaka 1923, pale Nkokonjeru, Mama Kevina alianzisha pia shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Walianza wasichana 8. Leo shirika hilo linafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania, katika shule na hospitali. Masista waliotoka Mill Hill nao walisimama kama shirika la pekee mwaka 1952, shirika la kimisionari kwa ajili ya Afrika, na Mama Kevina akawa mkubwa wao wa kwanza. Kazi za wenye ukoma pale Nyenga, mwaka 1932, na Buluba, mwaka 1934, zilizaliwa na watu hawa hawa.

Mama Kevina alikufa Oktoba 1957 huko Marekani, akiwa anatafuta misaada. Mwili ulirudishwa kwao Ireland ukazikwa. Lakini Wakatoliki wa Uganda walisema hapana, mama yetu alale kwetu. Wakachanga feza, mwili ukaletwa kwa ndege, na Desemba ya mwaka ule ule akazikwa Nkokonjeru. Jina lake limeingia katika lugha: kule Uganda neno kevina limetumika kwa maana ya hospitali ama nyumba ya huruma. Sisi tulisema "kwa Union Minière". Wao walisema jina la mwanamke.

Siku mbaya

Hospitali inajulikana katika siku mbaya. Uganda ilizipata. Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, waganga wengi walikimbia nchi, na hospitali za serikali zilikosa dawa. Zile za makanisa, Nsambya pamoja nazo, ndizo watu walizokimbilia.

Baada ya hapo ikaja Ukimwi. Kule Uganda ulitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya kando ya ziwa, na punde ukajaa Kampala. Hapakuwa na dawa ya kuutuliza. Wagonjwa walijaa vitandani, na wengine walifichwa nyumbani kwa aibu. Mwaka 1987 Nsambya ilianzisha huduma ya nyumbani: waganga na wauguzi walitoka hospitali wakaenda katika kartiye, nyumba kwa nyumba, kuosha, kutoa dawa za maumivu, kuzungumza na jamaa. Aliyekuwa mkubwa wa waganga pale ni Sista Miriam Duggan, daktari wa uzazi, mmoja wa masista wa lile shirika la Mama Kevina. Mwaka 1903 wagonjwa walikuja kwenye mwembe. Mwaka 1987 mwembe ulikwenda kwa wagonjwa.

Leo Nsambya ni hospitali kubwa ya Jimbo Kuu la Kampala, yenye vitanda zaidi ya 300, shule ya wauguzi na wakunga, na hata mahali pa kufundishia madaktari bingwa. Funguo ziko mikononi mwa Waganda.

Jambo la feza

Nisiwadanganye, wamama. Nsambya si ya bure. Mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa malipo katika hospitali na vituo vyake, lakini hospitali za makanisa ziliendelea kutoza, maana serikali inazipa msaada mdogo, na dawa na mishahara vinanunuliwa. Hapo ndipo hospitali ya jirani inapojaribiwa. Ikitoza kidogo, inakosa dawa. Ikitoza sana, yule jirani wa mwembe anapita mbele ya mlango bila kuingia. Masista wa mwaka 1903 hawakuwa na mashine ya skana wala jenereta la kulisha mafuta. Wa leo wanavyo, na vyote vinadai.

Sisi tunalijua jaribu hilo. Ni nani kati yetu asiyemjua mama aliyejifungua salama, mtoto mzima, lakini akabaki siku na siku kwenye maternite kwa sababu ya faktiri? Jamaa wanazunguka, simu haziishi, na mama anamnyonyesha mtoto kwenye kitanda ambacho kila usiku kinaongeza deni. Hilo halitaisha kwa kulaumu tu.

Walimu wanaweza kusema neno hapa. Mwaka 1974 serikali yetu ilizichukua shule za makanisa, na mwaka 1977 ikazirudisha kwa mapatano. Ndiyo maana tunasema shule za conventionné: mwalimu ni wa serikali, usimamizi ni wa Kanisa. Katika afya pia tunao mwenendo wa namna hiyo. Majimbo yana ofisi ya kazi za afya, ile BDOM, na kituo cha Kanisa kinaweza kuwa ndani ya eneo la afya la serikali. Basi pa kuanzia papo. Kinachobaki ni watu wa kartiye kukijua kituo chao, na kituo kuwajua wao.

Kwetu

Nimesoma historia hii nikiwa na watu wa Dilala na Manika moyoni, na nimeona mambo matatu ambayo hayangoji kampuni wala serikali.

La kwanza ni feza za uzazi. Sisi wamama tunaijua likelemba kuliko mtu yeyote. Tunanunua nayo vyombo, vitenge na mabati. Mimba inatupa miezi mingi ya kujitayarisha. Kikundi cha wamama 10 kinaweza kutenga sehemu ndogo kila mwezi kwa ajili ya yule aliye karibu kujifungua, ili faktiri imkute tayari. Mahali penye mutuelle ya afya, tuulize masharti yake kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani.

La pili ni kwenda mapema. Mama aliyekwenda kupimwa mimba tangu miezi ya kwanza anajulikana kwa wakunga, na hatari yake inaonekana kabla haijaingia usiku. Anayefika mara ya kwanza akiwa na uchungu anakutana na wageni. Wababa mnaosoma hapa, kumsindikiza mama siku ya kupimwa hakumpunguzii mtu heshima.

La tatu ni binti zetu, na hapa nasema kama mwalimu. Kila mwaka ninawaona wasichana wenye akili ya hesabu na biolojia wanaacha masomo katikati, mmoja kwa mimba, mwingine kwa kwenda kuosha mawe ya shaba na kobalti mtoni. Kila mmoja wao angeweza kuwa mkunga wa kartiye yake. Njia ipo: amalize masomo, aingie shule ya uuguzi, kisha aende ISTM kama nguvu ya nyumbani inaruhusu. Ile shule ya 1921 haikuanza na wasichana wengi, na shirika la Nkokonjeru lilianza na 8. Katika chama chetu, tukiwahesabu mabinti wetu walio masomoni sasa, tunawazidi 8 kwa mbali.

Basi siku ya posho, tukikutana, kila mama aje na jina moja: binti wa nyumbani kwake ama wa jirani, anayependa masomo, na ambaye yuko karibu kuacha kwa kukosa minerval. Tutaandika majina hayo, tuone tunaweza kumbeba nani kwanza.